Nchi Isiyo na Kama

Nchi yenyewe siitaji. Ina bendera, ina wimbo, ina mlima mmoja kwenye noti na foleni kila mahali pengine. Aliyewahi kuishi humo ataijua kwa harufu tu. Asiyewahi amshukuru Mungu, kisha asikilize.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwalimu mstaafu, Shomari Tekelo, mtu mwembamba, mpole kwa binadamu na mkali kwa mashairi. Hakuwa na adui duniani ila mstari wenye mizani tisa. Ukizungumza naye, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikicheza pajani, anayahesabu maneno yako. Ikitokea umesema jambo la mizani nane bila kujua, anatabasamu, nawe unadhani amekupenda.

Mkewe, Bi Hidaya, alipofariki, Mwalimu alikaa siku tatu hali hanywi. Siku ya nne akaomba kalamu. Kwenye daftari la shule akaandika: *Maisha kama mchezo*. Akahesabu, nane. Akautazama mstari, akauchukia. Miaka thelathini alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kwamba tashbihi, na hiyo "kama" yake, ni mkongojo wa mshairi asiyejua kutembea. Mshairi mzima hutumia sitiari. Haombi radhi, anasema kitu *ni* kitu, basi. Akaukata ule mstari, na juu yake akaandika:

*Maisha ni maigizo, na kaburi ni pazia.*

Nane kwa nane. Akalia mpaka akatosheka, akaupeleka gazetini, ukachapwa chini ya tangazo la mbolea. Binti yake wa pekee, Zawena, muuguzi wa hospitali kuu, aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani jikoni.

"Umemsema Mama vizuri, Baba," alisema. "Ila mimi ningeubakiza ule wa kwanza, ulioukata daftarini. Mama hakuwa anaigiza."

"Wewe shika sindano zako, mwanangu," Mwalimu akamjibu. "Mimi niachie mizani zangu."

Nampenda mzee huyu, lakini hapo alikosea, na ni bora tuseme mapema.

Gazeti lile likafika mikononi mwa Mkuu wa Nchi akiwa ndegeni, anarudi kutoka ng'ambo alikokwenda kutibiwa mafua. Hotuba zilikuwa zimekwisha kusomwa, mbolea akaisoma, na chini ya mbolea akakuta shairi. Akamgeukia Mwanasheria Mkuu, mtu ambaye tangu ateuliwe hakuwahi kutamka neno "hapana" hata kwa mkewe.

"Hili ni kweli?"

Mwanasheria Mkuu akavaa miwani. "Kisheria, Mheshimiwa, ni tamko. Lingekuwa na 'kama' ndani yake, tungesema ni maoni ya mtu. Halina. Limesema *ni*."

"Ni?"

"Ni, Mheshimiwa."

Ndege ilipotua, nchi ilikuwa jukwaa. Bunge lilikaa mchana mmoja likapitisha mswada wa kumpa kila raia mswada wake: karatasi moja yenye jina, nafasi anayoigiza na maneno anayoruhusiwa kuyasema. Mkuu wa Nchi akaacha cheo cha zamani, akawa Mwongozaji Mkuu. Fundi aliyeandika kibao kipya cha Ikulu hakupima ubao vizuri. Herufi zikamwishia njiani, akakata neno, juu ikasomeka MWONGO, chini ikasomeka ZAJI MKUU. Kibao kilikaa saa sita kabla ya mtu kuthubutu kukiona. Fundi mwenyewe hajaonekana mpaka leo.

Tusiwe wachoyo wa shukrani, sheria ile ilileta nafuu kubwa. Njaa ilikwisha siku hiyohiyo, maana waliokuwa na njaa walijulishwa kwamba wanaigiza wenye njaa, tena baadhi wakasifiwa. Ukosefu wa maji ukawa mandhari. Wafungwa wakaambiwa wana bahati, kwani nafasi zao zina maneno machache ya kukariri.

Lakini kulikuwa na mbunge mmoja wa upinzani, aliyebakizwa ili upinzani uwepo, akasimama akasema, "Nchi hii ni kama jela." Mwanasheria Mkuu hakukasirikia jela. Alikasirikia lile neno dogo lililotangulia.

"Waheshimiwa," akasema, "anayesema 'kama' analinganisha. Na anayelinganisha, kuna kwingine alikokuona."

Jioni ile "kama" ikapigwa marufuku, mdomoni na kwenye maandishi. Makarani wa Wizara ya Jukwaa wakapewa wino mweusi wafute KAMA popote itakapoonekana, nao wakatii kwa moyo wote. Kamati zote zikawa *ti*. Kamanda wa Polisi akasomeka gazetini *nda* wa Polisi. Waziri akamaliza hotuba, ikachapwa kwamba Waziri *aliza* hotuba, na safari hii gazeti halikuwa mbali na ukweli. Watu wazima wakazoea upesi, wakaacha kufananisha. Baada ya mwaka hivi, wengi walikuwa wamesahau kinachofanana na kingine.

Hospitalini mambo yalinyooka kupita kote. Palipo na waigizaji wa ugonjwa, dawa za kweli ni za nini? Wizara ikaleta dripu za maji yenye rangi na vidonge vya unga wa muhogo, vizuri kuvitazama. Wagonjwa wakafa. Hata hivyo haikuandikwa kwamba wamekufa, kwa sababu iliyo katika kifungu cha tisa, nanyi mtakisikia.

Zawena alivumilia hadi wodi ya wazazi ilipopoteza watu sita kwa wiki moja. Akafungua dripu mbele ya mganga mkuu, akainywa yote, akafuta mdomo.

"Hii ni juisi," akasema.

Asubuhi ya Alhamisi wauguzi arobaini walitoka hospitalini na sare zao nyeupe, wakashika njia ya kwenda Wizarani, kila mmoja na chupa yake mkononi. Hawakuimba, hawakurusha jiwe. Kwenye mzunguko wa barabara askari waliwasubiri. Redio ikatangaza mchana kwamba onyesho la mzunguko lilifana, kwamba risasi zilizotumika zilikuwa za maonyesho, na rangi nyekundu ilikuwa ya ubora wa hali ya juu.

Mwalimu Shomari aliisikia habari ile akiwa anamenya viazi vya chakula cha mchana, vya watu wawili. Alimenya kimoja zaidi. Kisha akaweka kisu, akavaa kanzu, akaenda kumtafuta mwanawe.

Chumba cha maiti kilikuwa kimepakwa rangi upya, kikaitwa Stoo ya Vifaa vya Jukwaani. Mlangoni alikaa karani mwenye daftari kubwa.

"Nimekuja kumchukua binti yangu."

"Mhusika hayupo, mzee."

"Si sheria inasema kila mtu ni mhusika?"

"Kila mtu, ndiyo. Ila mhusika mwenyewe hayupo. Amekwenda chai."

Mwalimu akasimama ukutani tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri, maana benchi lilikuwa limeandikwa kwamba si la kukaliwa, ni mandhari. Mhusika alipotokea alikuwa bwana wa makamo, mnene kiasi, tai imemkaba. Alipomwona mzee alisimama wima, visigino pamoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Sadala Mkwiche, Mwalimu. Kidato cha Pili B, dawati la nyuma, dirishani."

Mwalimu akamtazama, akaiona ile sura ya kitoto imejificha ndani ya mashavu. "Sadala wa Bi Sikudhani? Mama hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu. Bado anachoma vitumbua vyake palepale." Akamwingiza ofisini na kumpa kiti cha kweli. Karani akafuata na daftari lake, akakaa pembeni, kalamu mkononi, maana sheria ilitaka mazungumzo yote yaandikwe.

"Sadala, mwanangu yumo humu. Nipe nikamzike."

"Mwalimu, neno hilo hatuna. Yeye ameandikwa hapa, kifaa namba arobaini na moja. Mwanamke, amelala."

"Amelala?"

"Kifungu cha tisa. Mwigizaji akianguka jukwaani, pazia likishuka huinuka akaja mbele akawainamia watazamaji. Hiyo ndiyo desturi ya maigizo dunia nzima. Kwa hiyo hakuna wa kuzikwa kabla hajainama."

"Bwana wee, nao wakishindwa kuinama?"

"Tunawasubiri."

Mwalimu akashika meza kwa mikono miwili. "Sikiliza. Ule mstari ni wangu, najua nilichokusudia. Mke wangu alikufa, nikasema maisha ni mafupi. Ulikuwa mfano tu. Nilimaanisha ni ka—"

"Mwalimu!" Sadala alimkata kauli, jicho kwa karani. Kalamu ilikuwa imekwisha kuinuka. Wakaingoja itue.

Sadala akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ulituambia tuandike sitiari juu ya mama zetu. Mimi nikasema mama yangu ni mvua, ila nilitanguliza lile neno. Ulinichapa nne. Ukasema, 'Sadala, aliyesema *ni*, amesema *ni*. Asirudi nyuma.' Sikulisahau, Mwalimu. Kwenye usaili wa kazi hii waliniuliza hilohilo, nikajibu hivyohivyo. Tulikuwa watu mia mbili, nikachukuliwa mimi."

Mwalimu Shomari akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono ule ule, na aliukumbuka ule mwanzi wenyewe, aliokuwa akiuweka juu ya kabati. Akauficha mkono chini ya meza.

"Nifanyeje, Sadala?"

"Jumamosi ni Siku ya Kuinama. Mwongozaji Mkuu anataka mtunzi mwenyewe ausome mstari wake uwanjani. Mstari mmoja tu. Ukiusoma, nakutolea. Barua ninayo, ina mhuri."

"Niusome ulivyo?"

"Ulivyo."

"Nikishausoma ninamzika mwanangu?"

"Unamchukua," alisema Sadala, akainamisha uso.

Jumamosi uwanja ulifurika. Upande wa mashariki walikaa wazazi, wajane na yatima, waliokuja kuwapokea watu wao watakapotoka kuinama. Mwaka wa tatu sasa walikuwa wakija, na nguo zilizopigwa pasi, na vyakula ambavyo marehemu walivipenda. Kila mwaka kipaza sauti kiliwatuliza: "Wananchi, muwe na subira. Wenzenu wako nyuma ya pazia, wanabadili nguo." Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa na viatu vya mtoto mapajani. Alikuwa akivifuta vumbi kwa upindo wa khanga, na havikuwa na vumbi.

Mwongozaji Mkuu alihutubia saa mbili. Alisema taifa changa lisilojua kuigiza halina mustakabali. Alisema yeye mwenyewe amejitolea kuigiza nafasi ngumu kuliko zote, ya mtu anayelala kwenye kitanda kizuri huku akiwafikiria wananchi. Kila alipopumua, askari aliinua kibao kilichoandikwa MAKOFI, na watu wakapiga.

Kisha Mwalimu Shomari akaitwa. Alipanda ngazi polepole. Katikati ya jukwaa, juu ya meza yenye maua ya karatasi, Zawena alilazwa na sare yake nyeupe, iliyofuliwa, haina doa. Hakuna aliyemwambia kwamba atamkuta pale. Walikuwa wamempaka poda na kumchora tabasamu, na halikuwa tabasamu lake.

"Maisha ni maigizo," Mwalimu akasema kwenye kipaza sauti, "na kaburi ni pazia."

Kibao kikapanda, makofi yakalia. Kazi ilikuwa imekwisha. Mzee angeshuka na kupewa mtu wake. Lakini macho yake yaliangukia vile viatu vya mtoto, na vidole vyake vikaanza kucheza pajani vyenyewe. Mstari ukaja haujaitwa.

"Zawena hatoinama," akasema, "amekufa si mchezo!"

Vina vilipotea njia, ila mizani zilitimia, nane kwa nane. Uwanja ukawa kimya. Hata mwenye kibao alisahau mikono yake. Kwa muda wa pumzi tatu hivi, nchi nzima ilisikia neno ambalo halikuwa kwenye mswada wa mtu yeyote, na upande wa mashariki mama wa viatu akaanza kusimama.

Mwongozaji Mkuu akatoa leso. Akajifuta macho, akapiga kofi la kwanza.

Kibao kikaruka juu. Uwanja ukalipuka.

"Siigizi!" Mwalimu akapiga kelele. "Jamani, huyu ni mwanangu! Amekufa! Mguseni, mtaona!"

Makofi yakazidi. "Mzee anajua huyu!" wakasema watu. "Tazama machozi! Hata sauti inakatika!" Alivyozidi kulia, walizidi kushangilia. Alipopiga magoti akaushika mkono wa binti yake, uliokuwa baridi na mgumu, wengine walisimama juu ya viti ili waone vizuri. Alipata kuwaambia watu ukweli mtupu mara moja katika maisha yake, nao walimpigia makofi.

Akavishwa Nishani ya Huzuni Bora, daraja la kwanza.

"Onyesho hili," Mwongozaji Mkuu alitangaza, leso ingali mkononi, "lisipotee. Litarudiwa kila mwaka, mstari uleule, kifaa kilekile."

Mchana huo Mwalimu alifika Stoo, nishani ingali kifuani kwa kuwa alisahau kuivua. Nje alikuwa ameacha mkokoteni aliouazima kwa jirani, ametandika mkeka na shuka jeupe. Sadala alikuwa ameketi na barua mbili mezani. Ya kwanza ilisema mzee apewe. Ya pili ilikuwa na wino mbichi.

"Kihifadhiwe, Mwalimu. Kwa ajili ya mwakani."

Mwalimu akakaa sakafuni, mgongo ukutani. "Mamake aliniachia amana moja," akasema. "Moja tu, Sadala. Alipokuwa akinifia aliniambia, mtazame Zawena."

Karani aliandika: *moja tu*. Sadala alimtazama mwalimu wake pale chini, kofia imemwanguka, kipara kinang'aa jasho, na kitu kikamponyoka.

"Nisamehe, Mwalimu. Kama angekuwa mama yangu humu ndani, mimi ninge—"

Akajishika mdomo. Alikuwa amechelewa. Karani aliandika neno lile polepole kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaandika na saa.

Sadala aliitazama kalamu hadi ilipotulia. Kisha akalegeza tai, akafungua mtoto wa meza, akatoa funguo.

"Ameshaandika," akasema. "Basi twende, Mwalimu. Shika upande wa miguu."

Mlangoni Mwalimu alisimama, akamshika bega. "Hiyo uliyosema pale. Imekaa mahali pake."

"Kweli, Mwalimu?"

"Vema," akasema mzee, na kwa kidole akamwandikia alama ya vema hewani, kubwa, iliyochelewa miaka thelathini.

Zawena alioshwa na wauguzi wawili walionusurika, wakaifuta ile poda na lile tabasamu kwa maji ya vuguvugu. Maiti ikasaliwa na watu watano, ikazikwa kabla ya magharibi. Majirani walichungulia madirishani wasitoke, kwa kuwa hakuna mswada uliowataja wanaozika. Siwalaumu, na wala siwasamehe. Mwalimu aliombwa aseme mawili matatu ya kumuaga, akatikisa kichwa, akatia udongo.

Yeye mwenyewe hawakumgusa. Mwenye nishani ni mali ya taifa. Sadala Mkwiche hakuwa na nishani. Walimfuata Jumatatu, akiwa amekwisha kupanga meza yake na kuandika makabidhiano.

Mwaka ukazunguka. Siku ya Kuinama ilipofika, Mwalimu Shomari hakuitwa. Aliambiwa kwa barua kwamba ameondolewa kwenye onyesho kwa kosa la kupoteza kifaa. Akakaa jikoni kwake, mbele ya redio, ambayo siku hiyo haruhusiwi mtu kuizima. Ukutani ule ukurasa wa gazeti haukuwapo tena. Palikuwa na jani la daftari la shule, lenye mstari uliokatwa na kuandikwa upya chini yake, *Maisha kama mchezo*.

Mtangazaji alisema vifaa havikukosekana, Stoo imejaa. Alisema mwigizaji wa mwaka huu ni bibi mmoja muuza vitumbua, hana kisomo, ila amefundishwa mstari akaushika vizuri. Ukasikika mkwaruzo wa kipaza sauti kikishushwa, kwani bibi alikuwa mfupi. Kisha ikaja sauti yake, kavu, haina papara:

"Sadala hatoinama, amekufa si mchezo."

Pajani mwa Mwalimu vidole vilikwisha kuanza. Sa-da-la-ha-to-i-na-ma. Nane. Jina liliingia mahali pa jina bila kusukumana, mstari haukupungua wala haukuzidi.

Redioni makofi yakaanza. Mwalimu aliukalia ule mkono wa kulia, akaukandamiza kwa uzito wake wote, nao ukaendelea kuhesabu chini yake.